Shimo la Kusikilizia

Shakuru alikuwa fundi wa kunyoosha mabati ya magari hapa Buyenzi, Bujumbura, mlango wa pili kutoka kwangu. Siku sita za wiki alipiga nyundo mpaka meno yetu yakauma, na siku ya saba akatukataza sisi wengine kukohoa. Mimi ni Mama Idi, nashona nguo barazani. Nimeishi na makelele ya mtu huyo na nimeishi na ukimya wake, na nawaambia makelele yalikuwa nafuu.

Kazi yake ilikuwa masikioni. Ukimletea gari lililogongwa, hakulitazama. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, kisha akakuambia: "Hapa walijaza masitiki. Walikudanganya." Masitiki ni ule uji mzito ambao fundi mvivu hujazia palipobonyea, akapaka rangi juu, nawe ukaondoka unatabasamu. Macho hayaoni. Shakuru alisikia. Tatizo ni kwamba sikio hilo halikujua kupumzika. Cherehani yangu ikilia kidogo tu, alikuja na kopo la mafuta bila kuitwa. Mke wake wa kwanza alirudi kwao Rumonge kwa sababu mumewe alimwomba, kwa adabu zote, atafune polepole.

Ikaja vita, na juu ya vita nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Petroli ikauzwa kwa chupa, magari yakalala. Kwenye gereji ya Shakuru kulikuwa na lile shimo ambalo mafundi husimama ndani kutazama gari kwa chini, na sasa halikuwa na gari la kutazama. Milio ya risasi ikianza upande wa Kamenge, sisi majirani tuliruka humo, tukabanana na kumwomba Mungu. Siku moja, katikati ya dua zetu, Shakuru akainua kidole.

"Munasikia?"

"Risasi," nikamjibu.

"Apana. Munasikia namna sauti inakaa humu? Haikimbii."

Sisi tunatubu dhambi zetu, yeye anapima kuta!

Basi akaanza kuchimba. Alilipanua shimo mpaka chini ya ua, akaliezeka kwa paa la basi bovu, akafunika kuta kwa magodoro na magunia, akapanga viti alivyong'oa kwenye magari yaliyokufa. Kuna Mbelgiji mmoja wa Kinindo alikuwa anahama nchi, akamwachia mashine ya santuri, spika mbili zinazofika kifuani na kreti ya sahani za muziki, kama shukrani kwa mlango wa Peugeot yake ulionyooshwa vizuri. Umeme wa mjini ulikuja ulipopenda, kwa hiyo Shakuru alitumia betri za magari. Akadai kwamba umeme wa betri hauna vumbi. Nilimcheka. Halafu nikashuka, nikakaa, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya uzi, nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno. Nikalia. Mwaka ule kila mtu alikuwa na wa kumlilia, ila tulikuwa hatujapata mahali pa kukaa tukalia vizuri.

Mahali hapo alipaita buwati, kama zile klabu za usiku za mjini. Lakini kulikuwa na amri ya kutotoka nje giza likiingia, kwa hiyo buwati ilifunguliwa Jumapili baada ya adhuhuri na kufungwa kabla ya magharibi.

"Klabu ya usiku inayofungwa mchana!" nikamwambia.

"Ukishuka ngazi ni usiku," akajibu, na hakuwa anatania. Hakujua kutania.

Masharti yalikuwa makali. Viatu unavua juu, bangili unaacha kwenye bakuli. Hakuna kucheza, hakuna kuimba pamoja na mwimbaji, hakuna karanga. Sindano ikishagusa sahani, mdomo wako ni mali ya Shakuru mpaka upande uishe. Mjomba wake wa damu alipandishwa ngazi kwa kosa la kwikwi. Ildephonse, mfanyakazi wa wizara fulani anayekaa Ngagara, alikuja kila Jumapili amevaa tai na hotuba mfukoni, maana kwetu watu hawakutani bila mtu kusimama na kutoa neno. Hakuwahi kupata nafasi. Upande mmoja ukiisha, Shakuru alikuwa tayari anageuza sahani.

Masharti hayo nusura yatuue. Kuna mtu alipeleka habari kwamba tunaficha silaha shimoni, wakaja askari wa doria. Sajini akashuka na bunduki, akakuta watu wazima wamekaa peku kwenye viti vya basi, wamefumba macho. "Munafanya nini hapa?" Hakuna aliyejibu, sahani ilikuwa inazunguka. Akauliza tena kwa ukali zaidi. Shakuru akamwonyesha kiti kitupu. Mimi nilikuwa nimeshapiga shahada kimoyomoyo mara nyingi sana. Sajini akatazama kiti, akatazama spika, akakaa. Upande ulipoisha akasema, "Muko wazimu," akaondoka. Jumapili iliyofuata alirudi, buti mkononi.

Sasa niwaeleze habari ya Asiya. Asiya aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye soko la Ruvumera, na hakukuwa na sauti kubwa kama yake Bujumbura nzima. Mumewe alikuwa dereva, akauawa barabarani gari lake liliposhambuliwa. Tangu hapo sauti ya Asiya ilizidi, na hakuna aliyethubutu kumwambia apunguze.

Jumapili moja risasi zilisikika karibu na soko, watu wakatawanyika. Asiya akaiona ngazi yetu, akashuka na beseni lake kichwani akipiga kelele, "Yarabi! Yarabi! Wanatumaliza!" Nasi tulikuwa katikati ya wimbo. Shakuru akaweka kidole mdomoni. Na Asiya, ambaye polisi wa soko walikuwa wameshindwa kumnyamazisha, akanyamaza. Akakaa kando yangu, beseni mapajani. Ndani ya dakika chache shimo zima lilinuka ndagala, na hakuna aliyeruhusiwa kusema lolote. Ildephonse alijifunika pua kwa tai. Mwingine alitokwa na machozi ambayo hayakuwa ya muziki.

Sindano ilipoinuka midomo yote ilifunguka pamoja ili kulalamika, ikafungwa tena. Asiya alikuwa analia, machozi yanadondokea ndagala. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya soko:

"Kuna ingine?"

Kesho yake Shakuru akaja barazani kwangu bila kopo la mafuta.

"Mama Idi, jana ulisikia ile sauti?"

"Nani hakusikia? Hata Uvira, ng'ambo ya ziwa, wameisikia."

"Apana. Mi nasema namna iko. Haina masitiki."

Nilisimamisha cherehani. Miaka yote niliyomjua, mtu huyo hakuwahi kusifu kitu chenye mdomo.

Mimi ndiye niliyekuwa mshenga, nani mwingine? Nilikwenda kwa Asiya, nikarudi, nikaenda tena. Asiya alicheka mpaka akashika ubavu. "Shakuru ataniweza? Mi natafuna kwa makelele." Lakini sikumsikia akikataa. Alisema atafikiri. Na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kushuka ngazi, amekoga, amejipaka mafuta mazuri, na bado ananukia ndagala kidogo. Shakuru alimwekea kiti cha katikati, pale sauti za spika mbili zinapokutana. Kiti hicho hakuwahi kumpa mtu.

Akiwa bado anafikiri, kaka yake akaja kwa boti kutoka Kigoma. Mji huu si wa mjane kukaa peke yake, akasema, risasi kila wiki, funga mizigo turudi nyumbani. Boti inaondoka Jumatatu. Asiya akaanza kufunga mizigo kweli. Nikamkimbilia kaka mtu nikamweleza habari ya Shakuru. Yeye hakuwa na neno, mradi Asiya akubali mwenyewe mbele ya Shehe Atumani wa msikiti wetu. Na Shehe Atumani ni mtu wa utaratibu. Alituketisha mimi na Shakuru akatuambia:

"Mwali akiulizwa akanyamaza, amekubali, anaona haya. Asiya ni mujane. Mujane anatamka, nami nisikie na masikio yangu. Akinyamaza ni apana, na mi sitarudi kuuliza."

Jambo jepesi, sivyo? Nenda kwake, uliza, sikia, kunywa chai. Shakuru akakataa. Alitaka Asiya aulizwe shimoni, Jumapili hiyo ya mwisho, baada ya sahani ambayo Asiya aliipenda kuliko zote, ya mzee mmoja anayeimba peke yake na gitaa.

"Akimaliza kusikiliza, roho yake itakuwa wazi," alisema. "Hapo ndiyo Shehe aulize."

"Roho ya mwanamke si mlango wa Peugeot," nikamwambia. Hakunisikia. Alipotaka, alikuwa kiziwi kabisa.

Shehe aliambiwa aje baada ya alasiri. Alikuja mapema, kwa sababu alikuwa na maziko na alitakiwa awe nyumbani kabla ya giza. Masharti ya shimo hakuna aliyemweleza. Nani atamwambia shehe anyamaze? Alipoona viatu vimepangwa juu naye akavua vyake, akashuka. Mzee wa kwenye sahani alikuwa ndiyo kwanza amefika katikati ya wimbo.

"Asalaam aleikum."

Waislamu wazima tumesalimiwa na shehe wetu, tunachezesha midomo tu kama samaki. Nikaona anakunja uso.

"Asiya, Shakuru huyu anakutaka ndoa. Umekubali?"

Asiya alikuwa amefumba macho. Nikamfinya. Akafumbua, akamtazama Shehe, akanyoosha kidole kwenye mashine. Shehe akaitazama mashine, hakuona inamhusu nini.

"Asiya, nauliza mara ya pili."

Jasho lilimtiririka Shakuru mpaka kwenye ndevu. Akanyoosha mkono kwenye sindano. Naapa niliona: mtu aliyemfukuza mjomba wake kwa kwikwi alikuwa anakwenda kukata wimbo katikati. Lakini Asiya alikuwa mwepesi kuliko yeye. Alimpiga mkono kwa ncha ya kitenge, pa! Kisha akamwonyesha kiti chake. Shakuru akakaa.

"Mara ya tatu," alisema Shehe. Mzee akaendelea kuimba. Asiya alifumba macho tena.

"Basi. Mumeona wote. Amenyamaza, na mkono ameupiga." Akapanda ngazi, akavaa viatu vyake, akaenda zake mazikoni.

Nasi tukabaki tumekaa, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha. Nilitamani kuuma godoro. Shakuru aliinamisha kichwa, mikono yake mikubwa ya nyundo imelala magotini. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia. Ukimya huo aliutunga mwenyewe, akatufundisha sisi wote, na sasa umemla yeye. Yule mzee aliimba ubeti mwingine, akapiga gitaa peke yake, akavuta pumzi, akamaliza. Sindano ikainuka.

Shakuru hakuinua uso. "Asiya," alisema taratibu, "kesho usafiri salama."

Asiya alimtazama kwa jicho analowapa wateja wanaouliza bei bila kutazama samaki.

"Nisafiri wapi? Mutu alikuwa anaimba! Ningemukatisha namna gani? We, Shakuru, ni mutu wa wapi?"

Akapanda ngazi peku. Sote tukamfuata tukisukumana. Shehe Atumani alikuwa ameshafika mwisho wa barabara, mwavuli kwapani. Asiya akashika kiuno.

"SHEHE ATUMANI! NIMEKUBALI! NIMEKUBALI KUOLEWA NA SHAKURU!"

Mbuzi walikimbia. Madirisha yalifunguliwa, askari wa kizuizi cha barabarani walishika bunduki kisha wakaanza kucheka, na mwanamke fulani, barabara ya tatu kutoka kwetu, akapiga vigelegele bila kujua ni vya nani. Kaka mtu akatoka nyumba aliyofikia, bilauri ya chai mkononi. Kule mwisho Shehe aligeuka, akashika masikio yake mawili, akainua mkono juu: amesikia. Ildephonse aliona nafasi yake imefika, akatoa karatasi mfukoni. "Mesdames et messieurs, waheshimiwa wazazi..." Hakuna aliyemsikiliza, maskini.

Shakuru alipanda wa mwisho. Alisimama mbele ya Asiya, macho mekundu, magunia yamemwachia nyuzi kichwani.

"Sema tena," akamwambia.

Asiya akavuta pumzi, nasi sote tukaziba masikio. Lakini hakupiga kelele. Alimsogelea, akasema chini kwa chini. Mimi mshenga, niliyemaliza kandambili zangu kwenye njia ile, nilikuwa nimesimama hapo hapo, na nikatoa mikono masikioni haraka, na sikuambulia hata neno moja. Shakuru alisikia.