Picha ya Mgongo wa Aabo

Aabo, baba yangu, ni mtu wa ngamia kule Sangailu, na sikuwahi kuona kitu kikimshinda mpaka mgongo ulipomshika. Walimchoma chuma cha moto kiunoni, kama desturi yetu. Wapi! Ikafika mahali akawa anaswali ameketi kwenye kiti, mtu ambaye maisha yake yote hakujua kiti. Ndugu zake wakaanza kunong'ona kwamba ni saratani. Nikawaambia basi, yatosha, nampeleka Garissa leo hii.

Hospitalini alipigwa picha ya mgongo, tukaitwa kwa daktari anayezisoma. Alikuwa mwanamke, mgeni wa huku, mpole lakini hababaiki. Wallahi nilimpenda papo hapo, maana hakuongea nami kana kwamba mzee hayupo. Alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Mzee, umechinja wanyama wengi. Niambie mfupa upi ni mgonjwa."

Nikatafsiri. Aabo akapitisha kidole pingili baada ya pingili, kisha akakituliza. "Huu. Kona yake imeliwa."

"Huo huo!" daktari akasema, uso umemchangamka. "Umeliwa pembeni tu, haujabomoka. Sidhani ni saratani. Nashuku kijidudu cha maziwa mabichi. Tupime damu."

Damu ikathibitisha. Nililia kwa furaha, dawa ipo! Lakini Aabo aliposikia maziwa yachemshwe, akawaka. "Ukichemsha maziwa ya ngamia, ngamia anakauka! Nipone mimi, mifugo iishe?" Kwetu wengi wanaamini hivyo. Nilitamani kumfokea, baba au si baba. Daktari hakumcheka wala hakumkaripia. Aligusa ile kona kwenye picha. "Dawa utameza, mzee. Ila ukirudia maziwa mabichi, mdudu anaweza kurudi hapa hapa."

Aabo akabeba dawa zake, tukarudi Sangailu.

Miezi ikapita. Siku ya picha ya marudio aliingia kwa miguu yake mwenyewe, kibuyu cha maziwa mkononi. Akamimina kikombe, akampa daktari. Nikaganda. Kwetu maziwa ya kukaribishwa hayakataliwi, na daktari alijua. Alikishika kikombe, akanitazama mimi.

Safari hii Aabo hakungoja nitafsiri. Akatumia Kiswahili chake cha sokoni.

"Kunywa, daktari. Mimi nachemsha kila siku. Ngamia hapana kauka."