Pa Kuuzia Saa za Willy

Odette Calame hakuwa mtu wa kukaa. Hata alipokuwa ameketi kulikuwa na kitu kinachotembea, kama si goti basi kidole, na kama si kidole basi mdomo. Marehemu mumewe, Willy, alikuwa akisema kwamba alioa upepo wa milimani kisha akafungiwa nao chumba kimoja. Sasa Willy hayupo, ngazi za nyumba yao ya La Chaux-de-Fonds zimeyashinda magoti ya Odette, na mwisho wa Novemba ni lazima ahamie kwenye fleti ndogo nyuma ya stesheni, isiyo na pa kuweka meza ya fundi. Kwenye meza hiyo zilibaki saa sita za mkono za zamani, alizozikusanya Willy maisha yake yote. Odette alikwishaamua kuziuza. Kilichomkosesha raha ni wapi.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote alifanya jambo ambalo kila mwanamke wa rika lake mjini pale angelifanya: alizing'arisha. Tangu usichana wake mpaka kustaafu kazi yake ilikuwa kung'arisha makasha ya saa kiwandani, na kwake kuitoa saa nyumbani na mikwaruzo yake ni sawa na kumpeleka mtoto kanisani na makamasi. Basi akalifunga gurudumu la kitambaa lenye mota kwenye meza ya jikoni, akalipaka dawa, akazipitisha moja moja, huku vumbi jekundu likitua kwenye mapazia na kwenye supu. Zilipotimia tano, mota ikatoa moshi na kufa. Ya sita, ile ya chuma yenye vitufe viwili vya kupimia mbio, ikabaki na uchafu wake. Odette aliitukana ile mota kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kesho yake akapanda treni kwenda Geneva, kwenye nyumba ya mnada iliyokuwa na mazulia mazito kiasi kwamba hakuisikia miguu yake mwenyewe, jambo lililomuudhi. Akapokelewa na binti mwenye glavu nyeupe, mpole kama muuguzi.

"Hizi tano, pole sana mama," binti akasema. "Zimeharibiwa."

"Zimeharibiwa na nini?"

"Na aliyezing'arisha. Ziangalie pembe." Alimaanisha zile ncha nne za kasha zinazoshika mkanda. "Hapa palitakiwa pawe na ukingo mkali, unakata jicho. Huyu amezilainisha zote, zimekuwa kama sabuni iliyotumika. Sijui ni nani, ila si fundi."

Odette akaisukuma mbele ile ya sita, bila kusema kwamba aliyezing'arisha ni yeye. Wanaomjua hawangeamini.

Binti akaichukua ile chafu, akaisogeza dirishani, na sauti yake ikabadilika. "Eh! Hii haijaguswa! Tazama ukingo ulivyonyooka. Huu ndio mkono wa kiwandani wenyewe."

Odette alikuwa anaujua mkono huo. Saa ile ilitengenezwa kwenye kiwanda chao mwaka aliochumbiwa, na pembe za aina ile hazikuwa zikikabidhiwa kwa msichana yeyote ila mmoja. Msichana huyo alikuwa yeye.

Binti akataja kiasi ambacho ile saa moja ingeweza kuleta mnadani. Kilitosha kumfanya Odette asihamie nyuma ya stesheni, bali Neuchâtel, kwenye fleti yenye lifti na balkoni inayotazama ziwa. Kilichobaki kilikuwa kutia sahihi tu.

"Nitafikiria," akasema Odette, akaanza kuzirudisha saa kwenye kopo la biskuti alilozibebea kabla binti hajavua glavu.

Mtu mwenye akili zake angetia sahihi. Lakini Odette hakuwa tena anatafuta bei. Alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumwambia kwamba yule binti hajui kitu. Akaenda Bienne, kwa muuzaji wa saa za zamani aliyesifika kwa jicho kali. Yule bwana akamkaribisha kahawa, akafunua kopo, akazisukuma tano upande kwa kidole. "Hizi pembe zimelala, mama. Hii moja nainunua sasa hivi." Odette aliiacha kahawa ikifuka mezani. Stesheni akatembea kutoka mwanzo wa jukwaa mpaka mwisho, akarudi, akapanda treni ambayo siyo, akashuka kijiji asichokijua, akatembea na huko. Nyumbani alijaribu kushona kifungo, akaacha. Alijaribu kupiga pasi, akaacha. Akaishia kuitazama mikono yake kana kwamba ni ya mpangaji asiyelipa.

Jumapili kulikuwa na gulio la saa pale pale mjini. Odette akajiambia kwamba alikuwa mjinga kuzunguka kwa wageni. Watu wa kwao wangejua. Gilbert Ducommun, aliyekaa meza moja na Willy kiwandani miaka na miaka, akampa nafasi kwenye kona ya meza yake.

"Karibu, shemeji! Umekuja kutuuzia au kutugombeza?"

"Vyote viwili. Chukua lenzi yako, uzitazame hizi."

Gilbert akaibana lenzi jichoni, akaigeuza saa ya kwanza, akaigeuza ya pili. "Nzuri! Nzuri sana, shemeji. Kama enzi zile."

"Hujaangalia."

"Nimeangalia, bwana."

"Mtu akiangalia kweli anafumba jicho la pili. Wewe umefumbua yote mawili, unanitazama mimi usoni."

"Shemeji, leo Jumapili, tule soseji zetu kwa amani."

"Gilbert! Sema, mzee wewe. Umewahi kunidanganya ukafanikiwa?"

Gilbert akaitoa lenzi, akaifuta kwenye sweta ingawa haikuwa na kitu. "Pembe zimekwenda, Odette," akasema polepole. "Mkono haushiki tena pale ulipokuwa ukishika. Wangu nao hivyo hivyo. Hata skrubu siku hizi naziangusha, Jacqueline wangu ndiye anayeniokotea."

Iliuma. Iliuma kuliko Geneva, kwa sababu Geneva alikuwa na wa kumkasirikia. Odette alisimama, akatia mkono mmoja kwenye koti, akawa anautafuta mkono wa pili wa koti na hauoni, machozi yamemjaa na hasira ya kujiona analia imemzidi. Alitaka kuondoka, ila hakujua aende wapi tena.

Ndipo mwanamke mmoja akainama juu ya meza. Aliitwa Fatmire, watu wake walitoka Kosovo, naye alikuwa mng'arishaji kwenye kiwanda kimoja huko Le Locle. Hakuwa na haja ya kulitaja hilo la mwisho, kucha zake zilionyesha. Wanunuzi wote huanza kwa kuutazama uso wa saa. Huyu aliipindua ile chafu, akapitisha kidole gumba kwenye pembe, akarudia.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi," Odette akasema, koti likining'inia bega moja.

Fatmire akazipapasa zile tano. "Na hizi?"

"Mimi."

Fatmire akamtazama bila kumwonea huruma. "Hizi mkono umechoka, mama."

"Nimeambiwa."

"Lakini hii... Hii siku hizi kwetu hakuna anayeiweza. Tunaambiwa sasa ni kazi ya mashine. Ulikuwa unashikaje?"

Odette akaketi. Akaichukua saa, akaibana kati ya vidole, akainua kiwiko. "Usiisukume. Ukisukuma umekwisha. Unaiacha ielee, gurudumu ndilo linakuja kwako. Na pumzi unaishika, hivi." Fatmire akaweka mkono wake chini ya ule wa Odette, wakashika pamoja. Odette akaurekebisha ule mkono mgeni kwa kofi dogo. "Kiwiko, kiwiko! Unashika kama unamenya kiazi!" Wakarudia tena na tena. Watu wawili waliotaka kuuliza bei wakachoka, wakaenda zao.

Mwishowe Fatmire akauliza Geneva wametaja ngapi. Aliposikia, akapiga mluzi. "Mimi ninayo theluthi yake. Na mume wangu asijue."

"Lete."

"Shemeji, umerukwa na akili?" Gilbert akamaka. "Balkoni! Ziwa!"

"Balkoni nitaikalia lini mimi? Sijui kukaa. Na huko Geneva wataandika kwenye kitabu cha mnada jina la kiwanda tu. Huyu ameuliza ni nani."

Fatmire akaifunga saa mkononi, akainyoosha mbali aitazame, akaona uchafu uliojaa kwenye kiungo cha mkanda na mkwaruzo mrefu kwenye kasha. "Kesho kazini nitaipitisha kidogo kwenye gurudumu, nitoe hili tu."

Odette akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo yeye mwenyewe hakujua kama bado anayo.

"Usithubutu."

"Hata mkwaruzo huu?"

"Hata huo. Usiiguse. Hata ikichafuka namna gani, usiiguse."

Maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu aache kasha na uchafu. Fatmire akacheka, akidhani ni utani wa kizee. Odette hakucheka, wala hakumwachia mkono mpaka alipoahidi.