Tulidhani Dada Ana Mimba, Ultrasound Ikatuonyesha Ini

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeona humu watu wanabishana kama mionzi inatibu kansa ya ini. Nami niseme niliyoyaona kwa macho yangu, bila kuongeza chumvi. Ni mambo ya mwishoni mwa miaka ya themanini, wengi wenu hamjazaliwa.

Sisi ni Waislamu wenye asili ya Rwanda, tumekulia Nakivale, makazi ya wakimbizi huku kusini mwa Mbarara. Dada yangu mkubwa, Zaituni, aliolewa na mwanajeshi wa Uganda, Sajini Asumani, wakawa wanakaa kambi ya jeshi pale Mbarara.

Ndoa ilikuwa nzuri ila watoto hawakuja. Miaka ikapita mpaka watu wakachoka kuuliza.

Halafu siku zake zikakata, na tumbo likaanza kuja.

Mama aliposikia alitembea kwa miguu mpaka kituo cha biashara cha Rwekubo, akapata pickup ya wachuuzi hadi Mbarara. Mama huyu hata sokoni alikuwa hapendi kwenda. Alimshika dada tumbo, akalia.

"Mungu hakutusahau," akasema.

Mimi nilikuwa naangalia mikono ya dada. Tumbo linakua, mikono inakauka. Akila vijiko viwili ameshiba. Maumivu yalikuwa chini ya mbavu, upande wa kulia, na wanawake wa kambini wakasema mtoto amelala vibaya.

Mkunga wa hospitali alibonyeza, akasikiliza. Akampeleka X-ray. Kwenye ile picha hakukuwa na mifupa ya mtoto. Wakatuambia twende Kampala, kuna mashine ya ultrasound.

(Kansa ya titi tulikuwa tumeisikia. Kansa ya ini hatukujua kama ipo duniani.)

Asumani alitafuta nafasi kwenye lori la jeshi. Dada akaniomba twende wote, anataka mtu wa damu yake karibu.

Chumba kilikuwa na giza. Daktari mwanamke akampaka mafuta ya baridi tumboni, akawa anapitisha kile kidude huku anaangalia kioo. Dada akageuza shingo naye aone.

"Mtoto yuko wapi?"

Daktari akamsogezea kioo.

"Mama, tumbo la uzazi liko tupu. Haya mabonge unayoyaona yako kwenye ini. Na haya ni maji."

"Angalia tena."

Akaangalia tena. Polepole, kila upande, na alikuwa anajua kabisa hakuna kitu. Namshukuru mpaka leo.

Nje kwenye korido Asumani alimsimamisha.

"Daktari, sema tu. Bibi yangu iko na nini?"

"Kansa ya ini, Afande. Imeshaenea. Kupasua haiwezekani."

"Dawa yake iko wapi?"

"Mashine ya mionzi hapa kwetu hatuna. Nairobi wanayo. Lakini..."

Asumani hakusubiri hiyo lakini.

Tukaenda Nairobi kwa basi. Kila basi likiingia shimoni, dada anang'ata pindo la kitenge chake asipige kelele.

Huko daktari mzee alituketisha akaeleza vizuri tu. Ini lenyewe haliwezi kustahimili mionzi mingi. Dozi ya kuua uvimbe wote huo ingemaliza na kile kipande cha ini kilichobaki kizima. "Tunaweza kumpa kidogo, kumpunguzia maumivu," akasema.

Wakuu, sisi tulisikia neno moja tu. Tunaweza.

Wakamchora tumboni kwa wino kuonyesha pa kupiga. Analazwa peke yake, mlango mzito unafungwa, baada ya dakika chache anatolewa. Haumii, haungui. Ila akirudi wodini ni kutapika tu.

Baada ya siku kadhaa maumivu yakapungua kweli. Asubuhi moja akaomba chai na mkate, akala. Asumani akanivuta pembeni.

"Unaona? Iko napona."

Siku hiyohiyo, Asumani alipotoka, dada akaniambia, "Nipelekeni kwa mama nikiwa bado natembea."

Nikamfikishia shemeji maneno hayo. Akasema tumalize kwanza matibabu. Tukamaliza.

Tunafika Nakivale, dada hatembei tena. Macho yamekuwa ya njano. Asumani alimshusha kwenye gari, akambeba kama mtu anavyobeba bibi harusi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, hana habari yoyote, maana simu zilikuwa wapi enzi hizo?

Dada ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, hakukuwa na mtoto."

Mama akamtazama yale macho. Akafungua mlango wote.

"Mtoto ni wewe. Ingia ndani."

Yale maneno ya dada pale mlangoni ndiyo yalikuwa karibu ya mwisho aliyosema akiwa na akili timamu. Ini likishindwa kabisa linaharibu na kichwa. Alilala, akawa anatuchanganya majina, kisha hakumjua hata Asumani. Tulimzika pale pale Nakivale.

Mionzi ilifanya kile tulichoahidiwa, ilituliza maumivu. Lakini zile siku chache alizokuwa na nguvu na akili zake, alizimalizia barabarani na kwenye vitanda vya ugenini, wakati yeye alikuwa anamtaka mama yake.

Asumani aliniuliza miaka mingi baadaye, "Tungerudi siku ile alikula mkate?" Amekufa nalo swali lake.

Najua mashine za leo si zile, na wapo wanaosaidika. Nenda hospitali, na chanjo ya homa ya ini usiikimbie, maana homa hiyo huweza kuleta kansa hii. Ila mgonjwa wako akiambiwa aende mionzi, muulize daktari wazi: hii ni ya kuponya au ya kutuliza? Kisha muulize mgonjwa mwenyewe anataka nini, na umsikilize.

Waliouguza mtu wa ini humu ndani, nyie mlifanyaje? Mlimpeleka mbali au mlibaki naye nyumbani? Semeni tu, nitasoma zote.