Kanda ya Fundi Haji

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko zote, na wala haikuwa siku ya furaha. Ilikuwa pale kijijini kwetu Ole, kisiwani, miaka ya mwanzo ya vyama vingi, baada ya uchaguzi, wakati askari walipokuwa wakija na magari na kuondoka na watu. Nimetembea sana tangu hapo. Nimekaa Tanga, Mombasa, Maskati. Kila nikisema sasa nimetulia, miguu inawasha. Siku ile nimehama nayo kila nilikohamia.

Kulikuwa na fundi redio akiitwa Haji, mwenye kibanda kando ya barabara. Alikuwa amerudi kutoka Mombasa na kanda za muziki wa Kizungu wa zamani, wa magitaa ya umeme na ngoma nzito. Wimbo mmoja aliupenda kupita kiasi. Akikaa kulehemu anauweka. Ukiisha, anaurudisha mwanzo. Sisi vijana wa skuli tulikwenda kusimama pale makusudi, tukitikisa vichwa, wala hatujui unasema nini. Maana yake niliipata miaka mingi baadaye, Maskati, kwa Mhindi mmoja aliyeniajiri dukani kwake: mwanamume anaendesha gari mvuani, mkewe amemkimbia, hajui aelekee wapi. Basi. Hakuna kingine.

Lakini mwenzetu Hamadi, aliyekuwa akisoma Unguja, alikuja likizo na habari nyingine. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba nyimbo zile zina kitu ndani, na Wazungu wenyewe wanajua. Ukiipiga kanda kinyumenyume, anasikika mtu akimwita Ibilisi na kumwahidi roho yake. Tukaogopa, na kuogopa kwenyewe kulikuwa kutamu.

Ingeishia hapo, yangekuwa mazungumzo ya vijana tu. Ila Haji alikuwa amemtengenezea sheha redio yake. Sheha alikuwa mtu wa serikali, na sisi pale karibu sote tulikuwa upinzani; kuonekana mlangoni kwake tu ilikuwa kesi. Askari walipochukua vijana wa jirani, mtu akakumbuka kwamba asubuhi ile Haji alikuwa akiupiga wimbo wake. Haikupita wiki, Ibilisi akapata mwenzake: wimbo ule ni ishara, watu wa upande wa pili wakiusikia wanajua nani wa kukamatwa. Kwamba Haji aliupiga kila siku ya Mungu, zikiwemo siku ambazo hakukamatwa mtu, hakuna aliyeuliza.

Haji alicheka alipoambiwa. Lakini lilimuuma. Siku moja baada ya sala ya alasiri akabeba redio yake mpaka barazani kwetu.

"Haya yakhe, mnataka kusikia? Leo tusikieni sote."

Akaifungua ile kanda kwa bisibisi, akaugeuza utepe wake, akaifunga tena. Aliamini kwamba watu wakisikia kelele tupu watacheka, na mambo yatakwisha. Kabla hajabonyeza, Hamadi akasema, "Tegeni sikio. Akishavuta pumzi tu, anaita."

Zikatoka kelele, kama mtu anazama huku anaimba.

"Kamwita! Nimesikia!"

"Hata mie! Na chama chao kakitaja!"

"Weye Makame, Kizungu umekijua lini?" Haji akauliza. "Skuli si ulitoroka?"

Walicheka wachache, kisha hawakucheka tena. Na mimi, mwanangu, nilisikia. Sikusema uongo. Nilimsikia Ibilisi anaitwa, kwa masikio yangu haya.

Tangu jioni ile Haji akasusiwa. Kususiana kwa miaka ile nyinyi mmehadithiwa tu. Salamu yake haikujibiwa. Dukani aliambiwa sukari imekwisha, na gunia analiona. Msikitini akisimama kwenye safu, ubavuni pake pakabaki wazi. Kisha mama yake akafa.

Bi Mize alikuwa bibi wa watu wote. Tulipokuwa wadogo, tukitoka chuo cha Kurani alitugawia mihogo ya kuchoma. Asubuhi ile Haji alikuja akasimama mbele ya baraza, kanzu imemkaa upande.

"Bi mkubwa katutoka," alisema. "Tutazika adhuhuri."

Hakujibu mtu. Hata *inna lillahi*, ambayo tunaisema kwa maiti wa kutangazwa redioni, haikutoka kinywani mwa yeyote. Alisubiri kidogo, akageuka, akaenda zake.

Mzee Kombo alikuwa akirudi shamba, akamsikia. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu pale, na alikuwa ametoka kizuizini na mkono usionyooka tena. Akaja mpaka tulipoketi.

"Nani katika nyie aliyeniuliza kama chama kinasusia maiti?"

"Mzee, kwenye kanda sote tulisikia," Hamadi akasema.

"Mlisikia kabla ya kuambiwa au baada?"

Hakungoja jibu, akaunyanyua mkono wake ule mbovu.

"Mie walinipiga mpaka mkono huu ukavunjika, ili niseme nimesikia maneno ambayo sikuyasikia. Nikakataa. Nyie hamkupigwa hata kofi."

Akanishika mimi, niliyekuwa karibu. "Nyanyuka weye." Nilinyanyuka kwa kumwogopa, si kwa wema.

Unajua jeneza kwetu linavyokwenda. Halikai begani kwa mtu. Watu wanaligombania, mmoja anampokea mwenzake, linapita kama linaelea juu ya mikono. La Bi Mize tulilibeba wanne: Haji, Mzee Kombo kwa mkono wake mzima, mjomba wake Haji, na mimi. Hakuna aliyekuja kutupokea. Tulilitua njiani kupumzika, jambo ambalo sikuwahi kuliona, tukalinyanyua tena. Tulipopita barazani wenzangu waliinamisha macho, lakini waliketi vilevile. Bega langu lilichubuka mpaka nyama.

Haji alifunga kibanda matanga yalipokwisha, akaondoka kisiwani. Mji wowote ninaopita, nikiona fundi redio huchungulia ndani. Sijamwona.

Kwa hiyo mwanangu, siku ukiambiwa kwamba wimbo, au hotuba, au ujumbe wa simu una maana iliyofichwa ndani, mnyamazishe kwanza anayekuambia, usikilize peke yako. Sikio likishaagizwa cha kusikia halirudi mikono mitupu. Na jirani yako akifiwa, nenda, hata kama dunia nzima inakuhakikishia kuwa ni adui. Ukikosea kwa kumzika mtu, hutajuta kama sisi tuliokosea kwa kuketi.

Mungu akupe umri mrefu na masikio yako mwenyewe. Na siku yako ikifika, akujaalie watu wengi kiasi kwamba asiwepo hata mmoja wa kuchubuka bega.