Nyanya za Mkebe Katika Nyumba ya Maziwa

Sogea karibu, mwanangu, maana sauti yangu haifiki mbali siku hizi. Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo haikuzeeka pamoja nami. Kila nisikiapo mkebe ukifunguliwa jikoni, asubuhi ile hunijia, na moyo wangu huinama.

Wakati huo nchi ilikuwa bado mikononi mwa Wazungu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, sijapata mtoto. Sisi tulikuwa watu wa ngamia, tukilisha upande wa Ijara. Mvua zikakatika, ngamia wakaanza kulala wasiamke, na wachache waliosalia mume wangu akawaswaga kuelekea Liboi kutafuta malisho. Wanawake tulikuja Garissa, kando ya mto Tana, tukajenga kibanda cha fito na mikeka karibu na wengine waliokimbia ukame kama sisi. Tulikuwa watatu. Mimi, mama mkwe wangu Dahabo, ambaye nilimwita hooyo, yaani mama, kama ilivyo kwetu, na binti yake Fatuma, wifi yangu, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mume wa Fatuma alikuwa amefuatana na wangu huko malishoni, na habari zao zilitujia kwa kusikiasikia tu.

Nikueleze kwanza Mama Dahabo alikuwa nani, ili usimhukumu haraka. Kule porini hakupita msafiri mlangoni pake asipewe maziwa. Watu walipinda njia makusudi ili wapite kwake. Sasa vibuyu vilikuwa vitupu, lakini kila asubuhi alivisugua na kuvifukiza moshi wa kuni zenye harufu nzuri, kana kwamba jioni ngamia wangerudi viwele vimejaa. Hatukuthubutu kumuuliza. Aliyefiwa huachwa alie kwa namna yake.

Tulikula unga wa mahindi uliogawiwa na serikali. Uji asubuhi, sima jioni, na katikati chai ya rangi. Tumbo lilijaa, lakini mwili haukudanganyika. Watu wa pale kambini walianza kuchoka bila kufanya kazi. Fizi zilivimba na kutoa damu, na miguu ikatoka mabaka meusi kama ya mtu aliyepigwa fimbo. Mimi nilikuwa nikitema damu nikisukutua kwa udhu, nikiificha kwa mchanga. Fatuma hakuweza kuficha. Alikuwa akishika nguzo ya kibanda ndipo ainuke. Dresa wa hospitali, yule msaidizi wa daktari, aliwaambia kina mama kwamba maziwa yakishakosekana, mtu atafute mboga na matunda, ama mwili utafunguka kama mkeka uliokatika uzi. Maneno mazuri. Lakini mashamba ya mtoni yalikuwa yamekauka, na mchicha wenyewe ulikuwa umebaki jina.

Hapo ndipo alipoingia Bi Zuhura. Alikuwa jirani yetu, mke wa dereva wa lori, mzaliwa wa Lamu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Kiswahili hiki ninachokusemesha nilikiokota jikoni kwake. Asubuhi moja aliniona nikitema damu. Alinishika mkono, akanikalisha kwenye kibao chake cha mbuzi ya kukunia nazi, akatoa mkebe wenye picha ya nyanya.

"Hizi si za mumewe Bwana Mkubwa?" nilimuuliza, nikikusudia kusema mkewe, maana nilidhani ni vitu vya Wazungu tu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mume wa nani? Jifunze kwanza kusema, halafu ujifunze kupika! Nyanya ni nyanya, mwanangu. Hizi zimepikwa zikafungiwa, basi. Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?"

Nikamtazama anavyofanya, na mpaka leo sijabadili. Aliukagua mkebe kwanza, akaugeuza huku na huku. Uliovimba, alisema, hata kama una njaa ya kufa, utupe mbali na watoto na mbwa. Akaupangusa kifuniko vumbi, akaufungua, akamimina nyanya zote kwenye bakuli la udongo, kwa sababu kitu kilichofunguliwa hakilazwi ndani ya bati. Akakaanga kitunguu kwa mafuta kidogo ya simsim, akatia nyanya, akaziponda kwa mwiko, akaziacha zitokote mpaka ule ukali ukapungua. Chumvi hakutia mpaka alipoonja, kwani nyingine huja na chumvi yake. Mwisho akamimina kunde alizochemsha tangu alfajiri. Nilikula kwa sima, na ukakasi ule wa nyanya ukanichoma fizi mpaka machozi yakanitoka. Lakini, mwanangu, nililamba bakuli.

Nilikuwa fundi wa kusuka mikeka ya majani ya mkoma. Nikampelekea mwenye duka mkeka, akanipa mikebe, na kunde nikapata kwa Bi Zuhura. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeokota uhai njiani. Nikapika. Mama Dahabo alinitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipomwekea sahani mbele, aliisukuma kwa vidole viwili.

"Ni nini hii nyekundu?"

"Nyanya, hooyo. Ni dawa ya fizi. Dresa amesema..."

"Mimi nimekula maziwa na nyama tangu nizaliwe, na mama yangu kabla yangu. Leo nile kitu cha bati, kilichofungwa na mtu nisiyemjua? Najuaje kama hakuna nguruwe ndani?"

Hilo la nguruwe lilikuwa neno zito, nami sikutaka kubishana juu ya dini. Nikaenda kwa Mzee Nur, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani pale kambini. Alikuja mwenyewe, akiegemea bakora yake, akamwomba Bi Zuhura aeleze kilichomo, akaonja mbele yetu sote. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu.

"Dahabo, hili ni tunda. Mungu hakuliharamisha shambani, wala halikuharamika mkebeni. Kula, na binti yako ale. Ana roho mbili ndani ya mwili mmoja."

Mama Dahabo alichukua kibuyu kitupu, akakipakata. Aliposema, sauti ilikuwa imebadilika, haikuwa tena ya mtu anayebishana.

"Nur, wewe unajua nyumba yangu ilivyokuwa. Tukishazoea mikebe, nani atakumbuka kuombea mvua?"

Mzee Nur alimwangalia kwa huruma, lakini hakulainisha neno. "Mvua ni ya Mungu, haingoji njaa yako. Unafunga saumu ambayo hakuna aliyekuamuru, na unamfungisha mtoto aliye tumboni. Chunga sana. Kuna watu huomboleza ng'ombe mpaka wakazika watu."

Alisema hivyo akaondoka. Ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa dini, wala ladha. Sahani ile kwake ilikuwa kukiri kwamba ngamia hawarudi.

Sasa nikwambie juu ya Fatuma. Mama yake alipokwenda mtoni na ndoo, nilimpelekea bakuli pale alipolala. Alichovya kidole, akakitia mdomoni, akafumba macho. Akachovya tena. Nikaona uso wake ukifunguka, nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu atakula. Kisha akasikia kikohozi cha mama yake nje. Akaupangusa mdomo, akanirudishia bakuli.

"Walaal," aliniambia, yaani dada yangu, "mama akila, nami nitakula."

"Fatuma, mtoto tumboni hajui kununa."

"Najua. Lakini mama amepoteza kila kitu. Nikila alichokikataa, atakuwa amenipoteza na mimi."

Nilimsihi siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Nilijaribu kuficha mchuzi ndani ya sima. Aliuona, akatabasamu, akausukuma pembeni bila kunisema kwa mama yake. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimeona kwa macho yangu aliyelisikia la mkuu akavunjika vyote. Tangu hapo methali ile naitamka taratibu.

Uchungu ulimshika asubuhi, jua likiwa limeanza kuwaka. Hiyo ndiyo asubuhi niliyokuambia. Wakunga wa kambini walikuja, na Bi Zuhura akaja na kanga zake. Mtoto alitoka salama, msichana mdogo kama kifungu cha kitambaa, akalia. Tukasema alhamdulillahi, tukadhani tumevuka. Lakini damu ya Fatuma haikukatika. Kijana wa jirani alikimbia kumwita dresa, naye alikuja mbio na mkoba wake, akafanya alichoweza. Mwili uliokuwa umechoka tangu zamani haukuwa na cha kushindania. Fatuma alimtazama mama yake, wala si mimi wala mtoto, akasema, "Hooyo, usiwe na hasira." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Tulimzika alasiri.

Mimi si daktari, mwanangu. Sijui kama mchuzi ungemwokoa. Wanawake walioshiba nao hufa uzazini, na ajali ya mtu iko kwa Mungu. Lakini nilijua, na Mama Dahabo alijua, kwamba mlango mmoja ulikuwa wazi na ukafungwa kwa mkono wa mtu.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Mama Dahabo majuto na mjukuu vilikuja pamoja, vikapakatwa paja moja. Mtoto tulimwita Habiba, akanyonyeshwa na mwanamke mmoja wa kambini aliyekuwa na mtoto mchanga wake. Mama Dahabo alimbeba mchana kutwa. Hakulia. Wanawake waliokuja matangani walinong'ona juu yake, wakisema moyo wake ni jiwe. Jiwe! Laiti wangalijua.

Matanga yalipoondolewa nilikuwa jikoni naponda nyanya, kwani mimi sikuwa nimeacha kupika. Nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa yeye, mtoto amemfunga mgongoni. Alisimama muda mrefu akiutazama mkebe.

"Nionyeshe," alisema.

"Keti hooyo, nitakuletea sahani."

"Sikusema niletee. Nimesema nionyeshe."

Nikamwonyesha. Namna ya kuukagua mkebe, kuufungua asijikate, kuzimimina, kungoja mpaka ukali upungue. Mikono yake, iliyokuwa haikosei kukamua ngamia gizani, ilimwaga nyanya za kwanza nje ya sufuria. Akapika mwenyewe. Akala mwenyewe, pale pale chini kando ya mafiga, taratibu, kila tonge kama adhabu aliyojihukumia. Nilitaka kumfuta machozi, lakini hayakuwapo ya kufutwa.

Akaendelea kupika hivyo kila siku. Mwanangu, sasa sikia lililo chungu kuliko kifo chenyewe. Alipona. Fizi zilinywea, zikaacha kutoa damu. Mabaka ya miguuni yalififia. Meno yake yalikaza, akarudi kutafuna nyama kavu kama kijana. Watu walimpongeza: "Mashallah, Dahabo, umerudi ujana." Kila pongezi nilimwona akishusha macho. Kwa maana afya yake ilikuwa shahidi dhidi yake. Angalibaki mgonjwa, angeweza kujiambia kwamba nyanya hazikuwa kitu. Mwili wake ulimnyima hata faraja hiyo.

Siku moja nikiwa namsuka nywele aliniambia, bila mimi kuuliza, "Nur aliniambia, nami nilisikia. Usifikiri sikusikia. Nilisikia vizuri." Kwa miaka yote aliyoishi hakulirudia. Mvua ilinyesha baadaye, waume zetu wakarudi na ngamia wa kuhesabika. Mume wa Fatuma alipewa habari njiani; aliingia kambini akamchukua mtoto mikononi, akatoka naye nje, na hakuna aliyemfuata. Mama Dahabo alikufa mzee sana, meno yake yote kinywani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nimeibeba muda mrefu. Usikidharau chakula kwa sababu hukukijua kwa mama yako. Ukikosa nyanya za shambani, chukua za mkebe. Kagua mkebe usiwe umevimba wala kushika kutu, mimina zote, pika na kitunguu na kunde au dengu au maharagwe, tia mboga za majani zikipatikana, punguza mafuta na chumvi, na watu wako wale chakula kingali moto. Hicho si chakula cha maskini wala cha Mzungu. Ni chakula cha siku ya kawaida, na maisha ni siku za kawaida kwa wingi wake. Unga peke yake hunyamazisha tumbo tu.

Na ukiwa mkubwa wa nyumba, kwani utakuwa, jua kwamba wadogo hula kwa kuutazama mkono wako. Ukiuzuia, wanaokupenda watazuia yao. Huzuni yako ni yako, ilie, ina haki. Ila usiwapakulie watoto. Na wewe uliye mdogo, heshimu wakubwa, lakini heshima isiyo na uhai ndani yake haimfai hata huyo unayemheshimu. Fatuma alimtii mama yake ili mama asimpoteze binti. Umeona alivyompoteza.

Mungu aibariki mikono yako na kila inachokipika. Asikupe msimu wa kuchagua kati ya fahari na uhai, na akikupa, akujaalie kuchagua upesi. Ukae na watu wako, mle pamoja, na pasikosekane mtu penye sinia. Amin.