Mzee Asiyelala

Katika nyumba ile kulikuwa na wazee wawili, na mmoja wao hakuwa mtu. Tutamfikia.

Tuanze na aliyekuwa mtu, yaani baba. Kiharusi kilimwangusha akinyoa ndevu, kikamchukua mkono na mguu wa kulia, kikamwachia akili yote na nusu ya ulimi. Watoto wake walikuwa watatu. Wa kwanza ni kaka mkubwa, msimamizi wa ghala la vifaa vya umeme. Wa pili ni dada wa kati, ambaye kazi yake ilikuwa ndoa yake, na hakuna aliyewahi kukaa naye dakika tano bila kuambiwa hivyo. Wa mwisho ni kitindamimba, ambaye nyumbani walimfupisha wakamwita Kitinda, na jina likamganda hata alipoanza kuota mvi. Huyo ndiye aliyebaki na baba. Hakuna kikao kilichoamua. Wenzake walikuja, wakalia, wakaaga, na geti lilipofungwa yeye alikuwa bado anatafuta ufunguo wa kabati la dawa.

Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Msanifu aliyemwajiri alimruhusu afanyie kazi nyumbani, kwa hiyo meza yake ilikaa chumbani kwa baba, ikiwa imebanwa kati ya kitanda na dirisha, na dirisha lenyewe halifunguliwi kwa sababu vumbi lilimkohoza mgonjwa. Hapo alichora sebule za watu, roshani za watu, na ngazi za kupandia hewa safi. Yeye safari yake ndefu ilikuwa duka la dawa la kona, na huko nako alikwenda mbiombio kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Sasa msanifu alikuwa amepata kazi kubwa, kujenga chuo katika mji wa mbali, akataka Kitinda ahamie huko mwaka mzima asimamie michoro palepale penye ujenzi.

"Nataka jibu Ijumaa," alimwambia kwenye simu. "Na kabla ya Ijumaa nitumie ghorofa ya pili yote. Nikiipata, nafasi ni yako. Nisipoipata, kuna kijana mwingine ananisumbua."

Kitinda hakumwambia mtu. Aliitaka ile nafasi mpaka akajionea haya. Akiwa anamlisha baba, alijiona amevaa kofia ngumu, juani, anamfokea fundi mwashi kuhusu dirisha lililopinda, kisha anarudi kwenye chumba ambacho hamna mtu wa kumwita. Hasa hilo la kutoitwa ndilo lililomnyima usingizi.

Lakini shetani hakosi kiti. Wiki ileile ofisi ilihama kutoka mfumo wa zamani wa kompyuta ikaingia mwingine, na kila mchoraji akaambiwa aupakie mwenyewe. Kitinda aliupakia bila shida, akaufurahia hata sura yake. Tatizo lilikuwa joto. Laptop ileile, michoro ileile, meza ileile, lakini sasa ilichemka hata akiwa amefungua barua tupu. Feni yake ilivuma kutwa nzima. Aliiwekea vizibo vya chupa chini ya pembe zake ipate hewa, akaipepea kwa jalada la daftari, na bado ikawa inajizima ghafla katikati ya kuchora ukuta. Chumba kilikuwa kidogo, na sasa kilikuwa na wagonjwa wawili.

"Ina homa hiyo," baba alisema kwa ulimi wake mzito.

"Nami itaniambukiza," Kitinda alijibu, akampangusa jasho shingoni.

Siku ya Alhamisi aliona maji yamemfika shingoni, akampigia fundi kompyuta. Kumpelekea mashine dukani hakuweza, maana nani angebaki na baba?

"Kwenye mfumo wa zamani ilikuwa inachemka hivi?" fundi aliuliza.

"Wala. Nilikuwa naipakata kama mtoto."

"Basi mashine ni nzima. Sikiliza, dada. Humo ndani kuna kadi mbili za picha. Moja ndogo, ndiye mtoto wa nyumbani, anafagia, anachota maji, anakuonyesha barua zako. Nyingine kubwa, hiyo mimi naiita mzee. Mzee haitwi mpaka liwe jambo zito, kama vile kulizungusha jengo zima ulione kila upande. Sasa mfumo wa zamani ulikuja na mashine, ulijua desturi za nyumba. Kazi nzito ikiisha, unamlaza mzee. Huu mpya si mbaya, ila ni mgeni. Hauna draiva, ile programu ya kuongea naye, haujui hata kwamba analazwa. Kwa hiyo mzee yuko macho kutwa, amekaa tu, anakula umeme na kutoa jasho."

"Kukaa macho tu, bila kazi, ndiko kunaleta moto wote huu?"

"Kukaa macho ni kazi, dada. Tena ndiyo inayounguza."

Hakuna mtu aliyewahi kumweleza Kitinda maisha yake vizuri hivyo, na aliyemweleza alikuwa anazungumzia kadi ya picha.

Alimwomba fundi amwandikie kwa kifupi, ili yeye amtumie msanifu aliyekuwa akiuliza kila saa kwa nini michoro inachelewa. Fundi akaandika, na katika ujumbe wa pili akaweka maelekezo ya kuponya. Kitinda aliunakili ule ujumbe wa kwanza, akautupa kwenye kundi la ofisi. Ndivyo alivyodhani. Kundi la ofisi kwa kawaida lilikuwa juu kabisa, lakini dakika ileile dada wa kati alikuwa ametuma picha ya maua na maneno ya baraka kwenye kundi la familia, na maua yakapanda juu. Ujumbe ukaenda kwa ndugu. Ulisema hivi:

"Mzee halali kabisa. Joto limepanda mno. Akiachwa hivi leo au kesho anakufa, na akifa anaondoka na vyote. Dawa ni moja tu, alazwe leo leo."

Kisha Kitinda, ambaye simu yake ilikuwa kimya ili isimshtue baba, aliigeuza kifudifudi akaendelea na maelekezo. Aliweka draiva, akaandika ile amri inayouambia mfumo kwamba mzee alale mpaka aitwe, akaizima mashine na kuiwasha. Feni ilivuma, ikapunguza, ikanyamaza. Akaweka kiganja chini yake, na palikuwa vuguvugu tu. Akachora bila kuinua kichwa. Vyumba viwili vilivyobaki vya ghorofa ya pili vikaisha, akaituma yote kwa msanifu, akaketi na mikono yake mapajani akisikia furaha inampanda polepole.

Ndipo kilio kikaanzia getini. Dada wa kati aliingia kandambili mguu huu, kiatu mguu ule. Nyuma yake kaka mkubwa, na kizibao cha ghalani mwilini na kalamu sikioni.

"Wamemlaza hospitali gani?" kaka alifoka.

Baba alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, anatafuna ndizi.

"Nani kafa?" aliuliza.

Ilichukua muda kueleweshana. Kitinda alisoma ujumbe wake mwenyewe, akashika mdomo, akaeleza mambo ya kadi na draiva na mgeni asiyejua desturi. Dada alicheka huku bado analia. Kaka hakucheka.

"Kwa hiyo huyu mzee anayeondoka na vyote..."

"Ni huyu," Kitinda alisema, akigonga kifuniko cha laptop. "Ameunganishwa na ubao mkuu wa ndani. Akiungua, mashine yote imekwenda."

"Umenitoa ghalani kwa ajili ya kompyuta. Miaka yote nakwambia ghala haliachiki."

"Kumbe linaachika, kaka. Umefika hata chai haijapoa."

Hapo kicheko kiliisha. Kitinda aliona wote wawili wamesimama mahali pamoja, jambo lililokuwa halijatokea tangu kiharusi, na akajua kwamba asiposema sasa hatasema tena. Akawaeleza yote, chuo, mwaka mmoja, jibu kesho. Akauliza nani atakaa na baba.

Dada alitazama kiatu chake. Akasema wanajua mume wake alivyo. Kaka akasema nyumba yake ina ngazi, na mke wake naye mgongo unamsumbua, na isitoshe baba amemzoea Kitinda. "Wewe una mkono wa huruma, mdogo wangu. Sisi tutamvunja."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Kitinda alisema. "Mkono wangu wa huruma umechoka. Nauliza nani atakaa naye."

"Basi tusigombane," kaka alisema. "Penye wazee haliharibiki neno. Baba yupo, na akili anazo. Aseme mwenyewe anataka kukaa na nani, na atakalosema ndilo."

Kitinda alikubali upesi, tena karibu atabasamu. Hakuwa na wasiwasi. Baba huyuhuyu ndiye aliyemnunulia rula ya kwanza, ndiye aliyewanyamazisha shangazi waliosema binti hafai kwenda chuo, ndiye aliyempeleka stendi na sanduku begani akamwambia usigeuke nyuma. Kama kuna mtu ambaye angemfungulia mlango, ni yeye.

Kaka aliinama. "Baba, unataka kukaa na nani?"

Baba aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Kitinda macho yake yalijaa maji, na Kitinda akadhani anamuaga. Mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, ukatoka chini ya shuka ukamshika kifundo cha mkono.

"Huyu," alisema.

Hakuna aliyesherehekea, tuwape haki yao. Dada alimkumbatia Kitinda muda mrefu. Kaka alisema mzee ameshasema, akaahidi kuja Jumapili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua gunia. Kisha wakaondoka, huyu akiwahi kwa mumewe, yule ghalani.

Chumba kikawa kimya. Laptop ilikuwa baridi, haina mlio, na kwa mara ya kwanza wiki ile Kitinda aliweza kusikia pumzi za baba yake, fupifupi, za mtu mwenye hofu.

"Wale wangenichukua," baba alisema, neno moja moja. "Mwezi mmoja. Halafu wangeniweka. Mahali. Ninawajua. Niliwazaa."

Kitinda aliufungua ujumbe wa msanifu, uliosema kazi ni safi na nafasi ni yake, aseme tu lini anafika. Aliandika kwamba anashukuru, na kwamba yule kijana mwingine apewe. Akautuma kabla hajausoma mara ya pili, maana alijua akiusoma hatautuma.

"Umenikasirikia," baba alisema.

Angeweza kusema hapana. Ndivyo wanavyosema watoto wenye adabu.

"Ndiyo, baba. Nimekukasirikia sana."

Mzee alifumba macho. Mkono wake haukumwachia.

"Na kesho?"

"Kesho nipo," Kitinda alisema, akaketi kando ya kitanda, maana kitini asingeweza kufika bila mkono ule kumwachia.