Kitwana Pazi na Piano ya Memsabu Irini

Kitwana Pazi alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, na tangu siku ya kwanza alijiona amechelewa. Alikuwa mzaliwa wa Kurui, mtumishi wa ndani kwa meneja mmoja Mgiriki wa shamba la mkonge karibu na Mlandizi. Piano ilikuwa ya mke wa meneja, memsabu Irini. Siku moja alimkuta Kitwana ameshika kitambaa cha vumbi mkono mmoja, na mkono wa pili unagusagusa vile vibao vyeupe kutafuta sauti. Badala ya kumfokea, akamvutia kiti.

Wakawa wanasoma kila alasiri, vyombo vikishaoshwa. Memsabu alikuwa na taratibu zake: mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake, polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi. Mstari mmoja kwa siku. Ukikosea, unarudia palepale ulipokosea, si kukimbilia mwanzo. Alimwambia kwamba hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Kitwana aliitikia, lakini moyoni aliona anacheleweshwa.

Haraka yake ilitoka Dar es Salaam. Alikuwa amesikia kwamba Mwinyijuma, kiongozi wa bendi ya dansi huko Kariakoo, anatafuta mpiga piano wa sikukuu ya Idi. Basi memsabu akitoka, yeye aliukalia wimbo mmoja aliousikia kwenye santuri, akauparamia kwa mikono yote miwili, mbio, toka mwanzo hadi mwisho, mara ishirini, mara thelathini. Baada ya wiki tatu vidole vikawa vinakwenda vyenyewe.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka 1938. Alimwomba memsabu ruhusa ya siku nne, akasema mama yake, Bi Mwanamvua, yuko hoi kitandani huko Kurui. Akaruhusiwa siku ile ile. Akaenda stesheni ya Ruvu kupanda treni ya Dar es Salaam.

Kwa Mwinyijuma aliupiga wimbo wake, na wanabendi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akaingia mwimbaji. Walipofika katikati Mwinyijuma akawasimamisha, akataka waanzie kwenye kiitikio. Kitwana akaweka vidole, akaviondoa, akaviweka tena. Vidole vyake vilijua njia moja tu, ya kutoka mwanzo. Akaomba aanze upya. Wakamkubalia, wakasimama tena palepale, naye akakwama tena. Mara ya tatu Mwinyijuma akamshika bega.

"Ndugu yangu," akamwambia kwa upole, "wewe hujui kupiga piano. Unajua wimbo mmoja."

Hakutaka kurudi Mlandizi na uso ule. Akashika njia ya Kisarawe mpaka Kurui, angalau amwone huyo mama aliyemsingizia ugonjwa. Alimkuta uani anachambua mchicha wa futari. Akamwamkia shikamoo. Bi Mwanamvua hakuitikia mara moja.

Ndipo akamweleza. Juzi yake gari lilikuja. Alishuka mama wa Kizungu na dereva wake, wamebeba dawa, maziwa ya kopo na blanketi, wakauliza mgonjwa yuko wapi. Wakati huo Bi Mwanamvua alikuwa ametoka shambani, jembe liko begani. Alielewa papo hapo mwanawe amesema nini. Akaliweka jembe chini, akamwambia yule mama kwamba ni yeye, homa ilimshika vibaya, lakini sasa imemwachia. Na Kitwana yuko wapi? Amekwenda Kisarawe kumtafutia dawa. Memsabu alimshika mikono, akamkalisha kwenye mkeka, akamfunika blanketi lile kwenye jua la adhuhuri.

"Nimefunga, mwanangu," Bi Mwanamvua akasema, "na nimemdanganya mtu aliyekuja kunitazama. Usinieleze ulikuwa wapi. Marahaba."

Kitwana alirudi kazini. Memsabu alimpokea kwa furaha, akamwulizia mama, akafungua piano ili waendelee na mstari waliouachia. Kitwana akasema mkono unamuuma. Kesho yake akasema kuna nguo za kupiga pasi. Mara kadhaa aliufungua mdomo amweleze ukweli, akaishia kuuliza chakula gani kipikwe. Baada ya mwezi memsabu akaacha kumwita. Aliamini amechoka, akajilaumu kwamba alimbana mno na taratibu zake. Hayo alimwambia mwenyewe siku ya kuondoka, vita ilipoanza, makasha yakiwa barazani. Kitwana alisimama mbele yake, akasema, "Safari njema, memsabu."

Piano ilipakiwa kwenye lori, ikaenda kuuzwa mjini. Yeye akarudi Kurui kulima muhogo, akamwoa Swaumu. Bi Mwanamvua alifariki mwaka 1947. Enzi za uhai wake, kila Ramadhani aliongeza siku moja ya kufunga baada ya Idi, na hakuna aliyejua sababu isipokuwa mwanawe.

Swaumu alikuja kuambiwa habari yote matanga yalipokwisha. Akamwuliza mumewe kwa nini hamwandikii yule mama, maana kuandika anajua. Kitwana akaandika karatasi mbili, akaenda kwa miguu na magari mpaka lile shamba la mkonge kuomba anwani. Meneja alikuwa mwingine. Hakuwahi kumsikia mtu aitwaye Irini.